Rezista Mbili za Mama Kazungu

Msiniulize habari za simu, simu sizijui. Yangu ikiharibika naipeleka kwa fundi kama mnavyopeleka nyinyi. Mimi nilikuwa fundi wa redio na kaseti, na baadaye televisheni, hapa Chaani, tangu miaka ya themanini mpaka macho yalipokataa kutenganisha kahawia na nyekundu. Fundi wa umeme asiyeona tofauti ya kahawia na nyekundu ni hatari kwa majirani, kwa hiyo nikafunga banda.

Jina langu Mishi. Wateja wa mara ya kwanza walikuwa wakinikuta nimeinamia redio, chuma cha kulehemu kinafuka moshi mkononi, halafu wananiuliza fundi amekwenda wapi. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Baadaye nikawa nawaambia amekwenda msikitini, wangoje kidogo, na huku naendelea na kazi. Wengine walingoja hadi nilipowakabidhi redio yao ikiimba, na bado wakaniachia salamu za kumpa fundi.

Leo nataka kuwaeleza jambo moja tu: namna ya kuchagua rezista mbili, vile vijiti vidogo vya kubana umeme, zinazoiambia regyuleta, yaani kidude cha kushusha volti, itoe volti ngapi. Mtaona ni jambo dogo, la kumaliza kabla chai haijapoa. Mimi lilinitoa jasho, na lilimfanya mama wa watu aombe radhi kwa kosa ambalo lilikuwa langu.

Siku hizo nyumba nyingi za huku kwetu hazikuwa na umeme. Mawe ya redio, yaani betri ndogo, yalikuwa yanaisha upesi, hasa kwenye kaseti, maana mota ya kaseti inakula. Mwenye betri kuukuu ya gari alitaka redio yake ya volti sita itumie hiyo betri ya volti kumi na mbili. Wako waliounganisha moja kwa moja, na harufu yake ilifika kwangu kabla ya wao wenyewe.

Aliyenifundisha kazi ni Ami Athman. Hakuwa ami yangu wa damu; alikuwa rafiki wa baba, mtu wa Mji wa Kale aliyehamia huku kwetu Changamwe, na kazi alijifunza kwa Mhindi mmoja mjini. Yeye alikuwa na njia yake ya zamani. Betri za zamani zilikuwa na vyumba sita vya volti mbili mbili, na madaraja ya risasi yalikuwa juu, wazi, unayaona. Ami anapigilia msumari kwenye daraja la chumba cha tatu, anafunga waya, anapata volti sita safi bila regyuleta wala rezista. Ubaya wake ni kwamba vyumba vitatu vinafanya kazi na vitatu vinakaa bure, na baada ya muda betri inakuwa kama gari lenye tairi mbili mpya na mbili zilizotoboka. Halafu zikaja betri zilizofunikwa juu, msumari ukakosa pa kupigiwa, na Ami mwenyewe akaniambia sasa tujifunze hivi vidudu vya miguu mitatu.

Basi sikilizeni. Regyuleta tuliyoitumia sana ina mguu wa kuingizia umeme, mguu wa kutolea na mguu wa kurekebishia. Haijui volti sita wala tisa. Inajua jambo moja tu, kwamba kati ya mguu wa kutolea na ule wa kurekebishia lazima pawe na volti moja na robo, na itafanya kila iwezalo pawe hivyo. Rezista ya kwanza unaiweka hapo, baina ya miguu hiyo miwili. Umeme unaopita humo unateremka kwenye rezista ya pili, inayotoka mguu wa kurekebishia kwenda hasi. Ukitaka volti sita, moja na robo imeshabebwa na rezista ya kwanza, kwa hiyo ya pili ibebe nne na robo tatu, yaani iwe kubwa kuliko mwenzake mara tatu nukta nane. Kama ya kwanza ni omu mia mbili na ishirini, hesabu inakupa mia nane thelathini na sita. Nenda dukani ukaulize rezista ya mia nane thelathini na sita uone watakavyokutazama. Unachukua mia nane na ishirini, unapata volti sita kasoro kidogo, na redio haina habari na hiyo kasoro. Ukitaka tisa, unaunga ya elfu moja mia mbili na ya mia na hamsini, moja mkiani mwa nyingine, na mambo yanakwisha.

Mjuaji atauliza: mbona ya kwanza iwe mia mbili na ishirini? Nikiweka elfu mbili na mia mbili, na ya pili elfu nane na mia mbili, si uwiano ni uleule, na umeme unaopotea ni mdogo zaidi? Swali hilo niliwahi kujiuliza mimi, nikajijibu mimi, nikajisifu mimi. Ami alikuwa Kisauni kwenye matanga kwa siku tatu. Nikaunga regyuleta na rezista zangu kubwa, nikapima kwa mita bila redio, mshale ukapita sita, ukapita saba, ukaendelea. Nikasema regyuleta hii imekufa. Nikaweka nyingine, nayo imekufa. Nikaua tano kwa namna hiyo, nikazitia kwenye kopo la maziwa, nikamngoja Ami aje nimwambie aliyetuuzia ni mwizi.

Ami aliporudi alisikiliza yote. Akachukua moja kwenye kopo, akaiunga na mia mbili na ishirini na mia nane na ishirini, mshale ukasimama kwenye sita. Akachukua ya pili, ya tatu, mpaka zikaisha, zote nzima. Akanieleza kwamba kidudu hiki chataka mzigo kidogo hata redio ikiwa imezimwa, na rezista ya kwanza ndiyo inayokipa huo mzigo. Ukiifanya kubwa, umeme unaopita ni tone tu, regyuleta inashindwa kujizuia, na volti zinapanda. Halafu akachukua chaki akaandika ubavuni mwa kopo: WAZIMA. Lile kopo lilikaa juu ya meza miaka mingi, na kila mgeni aliyeuliza maana yake alielezwa kwa urefu, nikiwapo.

Jambo jingine la rezista: msiziamini zile pete za rangi zinazotaja omu zake. Nyingi tulikuwa tunazitoa kwenye televisheni mbovu, na rezista iliyokaa pahali pa joto hubadilika, nyekundu ikaiva ikawa kahawia. Elfu nane na mia mbili ikajifanya mia nane na ishirini. Inua mguu mmoja kutoka kwenye bodi, pima, ndipo ulehemu. Na hewa yetu hii ina chumvi. Miezi michache tu, miguu ya vitu inaota ukoga wa kijani. Mimi nilikuwa napaka bodi rangi ya kucha nikishamaliza kulehemu, inaziba chumvi isiingie. Mafundi wa kiume wa Chaani walicheka sana, wakaniuliza na hina nitaipaka lini. Mwaka haukupita nikakutana na mmoja wao dukani akinunua rangi ya kucha, akaniambia ni ya mkewe. Nilimwamini, ingawa hakuwa na mke.

Sasa nije kwa Mama Kazungu.

Alikuwa mama wa Kigiriama aliyekaa mtaa wa chini, karibu na kwangu. Mwanawe Kazungu alikuwa baharia kwenye meli za mizigo, na mke wa Kazungu alikuwa akiishi na mkwewe hapo nyumbani. Mama Kazungu hakujua kusoma, na hakupenda barua za mwanawe zisomwe na watu wa nje. Kwa hiyo Kazungu alikuwa akisema maneno yake kwenye kaseti, na mabaharia wenzake wanaoshuka bandarini Kilindini wanaileta. Mama anasikiliza, kisha naye anarekodi majibu, na kaseti inarudi na baharia mwingine. Mashine yenyewe aliinunua Kazungu huko huko safarini, ndogo nzuri, ya volti sita, yenye kitufe chekundu cha kurekodia.

Mama Kazungu alinijia anataka kisanduku cha kuitumia mashine kwenye betri ya gari. Kazi hiyo ni rezista mbili, regyuleta na kipande cha bati cha kuipoza. Lakini mimi wakati huo nilikuwa nimeshajiona fundi. Nikafikiri, kesho mama huyu atanunua redio ya volti tisa, atanirudia; kwa nini nisimpe kisanduku kinachoweza yote? Pahali pa rezista ya pili nikamwekea volyumu, ile ile ya kuzungusha inayoongeza sauti ya redio. Ukizungusha huku unapata tatu, ukizungusha kule unapata kumi. Nikaisimamisha kwenye sita, na kwa kuwa niliogopa itazungushwa bila kujua, nikadondoshea tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye maungio ya kile kijiti cha kuzungusha, likakauka likashika kama lakiri ya barua. Nikamwambia asikiguse. Ami aliinua kile kisanduku, akakiangalia, akasema volyumu ni kitu cha sauti. Nikamjibu kwamba dunia inaenda mbele. Akakirudisha mezani, na mimi nilidhani ameshindwa.

Kisanduku kilifanya kazi zaidi ya nusu mwaka. Kisha asubuhi moja Mama Kazungu akaja bandani mbio, mashine ameifunga kwenye leso. Kazungu alikuwa ametuma kaseti mpya. Mkewe alikuwa mja mzito, siku zake zimekaribia, na Kazungu alikuwa anasema jina analotaka mtoto apewe. Alisema, akiwa msichana mumwite, na hapo hapo sauti ikapanda ikawa kama ya kinda la ndege, mashine ikatoa moshi, ikanyamaza. Ukanda wa kaseti ulikuwa umejizungusha ndani kwenye gurudumu la mpira.

Sikilizeni nilichofanya, maana hapa ndipo somo lilipo, si kwenye hesabu. Kabla sijafungua chochote, nilimwuliza, "Mama, ulikigusa kile cha kuzungusha?"

Akafikiri. Akasema alikifuta vumbi kwa pembe ya leso. Akasema pengine alikizungusha bila kujua. Uso wake ukabadilika mbele yangu, na mimi nikanyamaza. Nikatoa ukanda kwa koleo ndogo, nikauvuta kwa pupa, ukakatika. Shubiri moja ya ukanda ilikuwa imekunjamana na kuchanika, haifai tena. Nikaikata, nikaunga ncha mbili kwa gundi ya karatasi. Shubiri moja ya kaseti ni kama sekunde nne. Zinatosha kutaja jina la mtoto.

Mama Kazungu alipoondoka nilifungua kisanduku. Tone langu la rangi ya kucha lilikuwa pale pale, halina hata ufa. Hakuna mtu aliyezungusha kitu. Nikaifungua volyumu yenyewe: ndani, pale ulimi mdogo wa bati unaposugua ukizungusha, palikuwa kijani tupu. Chumvi. Bodi niliipaka rangi, lakini ndani ya volyumu huwezi kupaka, kwa sababu ulimi lazima uguse. Ulimi ulipoacha kugusa, rezista ya pili ikawa kama haipo, na regyuleta ikiikosa rezista ya pili inafungua volti zote za betri. Mashine ya sita ikapokea zaidi ya kumi.

Nililijua kosa langu siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Na sikwenda kumwambia. Nilijiambia nitengeneze mashine kwanza. Nikatafuta kipande cha ndani kilichoungua, nikakipata kwenye mashine mbovu, nikaunga kisanduku upya kwa mia mbili na ishirini na mia nane na ishirini. Nilimrudishia vyote bila kudai chochote, na yeye akanishukuru mpaka nikaona haya. Nilitaka haya hiyo iniishie yenyewe.

Haikuisha. Mtoto alizaliwa, msichana, na Mama Kazungu akakataa kumpa jina. Alisema baba yake ameshalisema, na yeye bibi ndiye aliyelipoteza, hawezi kuweka lake juu ya la mwanawe. Wakawa wanamwita Kadogo. Mtaa mzima ulijua kisa: Mama Kazungu alikifuta kidude vumbi, akaunguza sauti ya mwanawe. Alikuwa akikisimulia mwenyewe kwenye foleni ya maji, kwa kicheko kisicho na furaha, na mimi nimesimama na ndoo yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nikawa nateka maji mchana wa jua kali ili tusikutane.

Ami Athman ndiye aliyeiona ile volyumu ya kijani, niliificha vibaya kwenye droo. Aliitazama, akatazama tone la rangi kwenye kijiti, akaelewa yote bila kuambiwa. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama kila rezista ninayoiweka huwa najiuliza, hii ikifa, volti zitakwenda wapi. Ya kwanza ikifa, volti zinashuka, redio inanyamaza, hakuna msiba. Ya pili ikifa, volti zinapanda na kila kitu kinaungua. Kwa hiyo ya pili ndiyo uiweke nzima, ya kutulia, isiyo na ulimi. Na kama mteja lazima azungushe, basi uweke rezista imara kando yake, volyumu ikiacha kugusa, ile imara ibaki imeshika volti zisipande zaidi ya unavyotaka. Hilo nimelifuata mpaka nilipofunga banda, na nyinyi lifuateni.

Kisha akanirudishia volyumu mkononi. "Mishi mwanangu, huyu mama yuwabeba mzigo wako. Enda ukamtue."

Nilimwomba twende pamoja. Akasema yeye hakuweka volyumu.

Nilikwenda baada ya adhuhuri. Mama Kazungu alikuwa uani anachambua mchicha, Kadogo amelala kwenye mkeka. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipisha pahali pa kukaa. Nikamwekea volyumu kiganjani, nikamwonyesha tone la rangi halikuvunjika, nikamwonyesha kijani cha ndani. Nikamwambia hakugusa kitu. Nikamwambia nilijua tangu siku ile, na kwamba hata ukanda ulikatika kwa pupa yangu.

Aliigeuza ile volyumu mkononi. Nilitegemea ama matusi ama msamaha, na vyote viwili nilikuwa nimeshajiandaa navyo. Hakunipa kimoja. Aliniuliza, "Na foleni ya maji yote ile ulikuwa unanisikia?"

Nikasema nilikuwa namsikia.

Akaendelea kuchambua mchicha mpaka ukaisha. Jibu la Kazungu lilikuja miezi kadhaa baadaye, na mtoto akaitwa Sidi, na Sidi huyo leo ana watoto wake. Lakini siku hiyo hakuna aliyejua jina. Mama Kazungu alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na mashine, kisanduku changu chenye rezista mbili, na kaseti tupu. Akaviweka mbele yangu kwenye mkeka. Alisema katika kaseti aliyompelekea mwanawe alikuwa amemwomba radhi kwa kumharibia mashine, lakini aliona haya kumwambia kwamba jina nalo limepotea. Alimwomba radhi mtoto aliyemzaa mwenyewe, kwa kitu ambacho hakufanya. Kaseti hiyo ilikuwa imeshaondoka na meli, hawezi kuirudisha.

"Mwambie wewe," akasema. "Kwa sauti yako, na jina lako, na la baba yako, ajue ni nani. Halafu umwombe aliseme tena jina la mtoto."

Akabonyeza kitufe chekundu yeye mwenyewe. Ukanda ukaanza kwenda. Nikasema mimi ni Mishi, nikataja baba yangu, nikasema mamako hakugusa kitu, niliweka volyumu pasipo pahali pake, ikaunguza mashine yako, nikanyamaza mamako akasingiziwa, kosa ni langu, tafadhali tuambie tena mtoto aitwe nani. Nilisema yote kwa pumzi moja, macho yangu yako kwenye mchicha.

Mama Kazungu akasimamisha mashine. Akaurudisha ukanda mwanzo, akausikiliza wote, sikio amelisogeza karibu na spika. Kisha akaurudisha tena mwanzo, akanitazama.

"Umesema mbio," akaniambia. "Rudia polepole, asikie."